Goti la mama na futi tano za mpaka

Wakili aliposikia habari za goti la mama yangu, swali lake la kwanza lilikuwa: kiwanja chako kina mteremko?

Nikamjibu hapana, ni bapa kama sinia. Akaandika. Akauliza kama chini kuna mwamba, kama maji yanatuama, kama kiwanja kimekaa pembetatu au kimepinda mahali. Hakuna. Ni mstatili wa futi 50 kwa 100, udongo mweusi, kila kiangazi mke wangu anapanda mchicha na bamia na vinakubali. "Basi una kiwanja kizuri mno," akaniambia, na jinsi alivyolitamka lile "kizuri" nikajua nimekwisha.

Tunaishi mji mdogo wa Massachusetts, kaskazini mwa Boston, mwendo wa saa moja kama barabara haijafunga. Mji wenyewe siutaji, maana wajumbe wa bodi nitakayoisimulia ninapishana nao dukani kwenye maziwa. Nyumba yetu ilijengwa 1926. Chini kuna sebule, chumba cha kulia na jiko. Vyumba vya kulala vyote viko juu, na choo kimoja tu, nacho kiko juu. Katikati kuna ngazi yenye vidato 14, nyembamba, imekatwa kona kama ya mnara wa adhana.

Mama alifika Oktoba 2024 kutoka Tanga, Ngamiani, nyumba yetu ya barabara ya 12. Ana miaka 74. Amelea watoto sita kwenye nyumba ya ukumbi mmoja na ua nyuma, choo hatua kumi kutoka jikoni, hajawahi kupanda ngazi ndani ya nyumba yake maisha yake yote. Kufika hapa akawa anashuka mara moja asubuhi, anapanda mara moja baada ya Isha, na katikati hanywi maji. Mke wangu ndiye aliyeligundua hilo la maji, mimi sikuliona. Mama anajinyima maji ili asipande ngazi.

Basi nikamwita fundi wangu, Mkenya wa Nakuru ambaye amejenga nusu ya vyumba vya ziada vya Waafrika wa pande hizi. Akapima, akasema rahisi: tunasukuma nyumba nyuma, chumba cha futi 12 kwa 16 chenye choo na bafu, mlango mpana, sakafu moja na jiko. Ukuta wa pembeni tunaufuata uleule uliopo, unaendelea kwenda nyuma moja kwa moja. Ramani ikapelekwa kwa mkaguzi wa majengo. Baada ya wiki mbili ikarudi barua ya ukurasa mmoja, ya adabu kabisa, imekataa. Ukuta wetu wa pembeni uko futi tano kutoka mpaka wa jirani. Kanuni ya mji inataka futi kumi. Mwishoni kuna sentensi inasema ukitaka unaweza kwenda kwenye bodi ya rufaa.

Hapo ndipo linapoingia lile jambo ambalo sisi Waswahili wa huku tunaliita msamaha, yaani kibali cha kujenga bila kutimiza kanuni ya mji. Kwa Kiingereza jina lake, "variance", halina huruma yoyote, ni neno la kusema "tofauti" tu. Lakini sisi tukishalibatiza msamaha tunaanza kulifikiria kama msamaha: unakwenda mbele ya watu wazima, unaeleza shida yako, wenye moyo wanakuelewa. Jina hilo limeponza wengi, nami nikiwamo.

Kabla sijafika huko, kuna mtu atauliza kuhusu sheria mpya. Hata fundi alianza nayo. Agosti 2024 gavana wa Massachusetts alitia saini sheria ya nyumba, na kuanzia tarehe 2 Februari 2025 mwenye nyumba kwenye eneo la nyumba za familia moja anaruhusiwa kuongeza nyumba ndogo isiyozidi futi za mraba 900, au nusu ya ukubwa wa nyumba yake kama hiyo ni ndogo zaidi, bila kuomba kibali maalumu. Nzuri sana. Ila nyumba ndogo ya sheria hiyo lazima ijitegemee: pa kulala, choo, na jiko lake. Nikamweleza mama. Akanitazama. "Jiko langu peke yangu? Nipike mwenyewe huko nyuma kama mpangaji, na wajukuu wanakula huku?" Mjadala ukaishia hapo. Na hata hivyo mji bado unaweza kudai umbali wa kuridhisha kutoka mpakani, kwa hiyo zile futi tano zingetungojea vilevile.

Turudi kwa wakili. Nilimlipa saa moja. Kazi yake hasa ni hati za kununua nyumba, na alikuwa mkweli kuhusu hilo. Alinisomea kifungu cha 10 cha sura ya 40A ya sheria za jimbo, nami nikamwomba anisomee tena polepole. Bodi inaweza kukupa msamaha kama inaona kwamba kuna jambo linalohusu hali ya udongo, umbo la ardhi, au mwinuko na mteremko wa ardhi au jengo. Jambo hilo linakugusa wewe hasa na si eneo zima. Kwa sababu yake kukushikilia kanuni neno kwa neno kutakuletea taabu kubwa, ya fedha au nyingine. Na kukusamehe hakutawadhuru wengine wala kuvunja shabaha ya kanuni. Vyote kwa pamoja. Kimoja kikikosekana, hakuna msamaha.

Angalia lilipo neno "taabu". Lipo, lakini limefungwa kamba kwenye udongo. Taabu yako lazima itoke ardhini. Goti halitoki ardhini.

Nikasema moyoni, huyu ni wakili wa hati, anajua nini. Nikajaza fomu mwenyewe. Pale palipoandikwa "eleza taabu" nikaandika kurasa mbili kuhusu mama, nikaambatanisha barua ya daktari na picha ya ngazi. Picha niliipiga kutoka juu ili ionekane inatisha. Ada nikalipa. Orodha ya majirani nikaichukua kwenye ofisi ya makadirio ya kodi: wanaopakana nawe, wanaokukabili ng'ambo ya barabara, na wanaopakana na wanaopakana nawe, mradi wawe ndani ya futi 300. Nyumba 31. Kila mmoja anatumiwa barua, na tangazo linatoka gazetini wiki mbili mfululizo, la kwanza siku zisizopungua 14 kabla ya kikao.

Nilikuwa na akili moja tu nzuri katika kipindi hicho: kabla ya zamu yangu nilihudhuria vikao viwili vya wengine. Viko wazi, mtu yeyote anaingia. Ukumbi ni wa ghorofa ya pili ya jengo la mji, viti vya chuma, saa ya ukutani inayochelewa dakika nne. Wajumbe ni watano, hawalipwi: mwalimu mstaafu, fundi bomba, mama mmoja aliyewahi kuwa mchoraji ramani, kijana wa benki, na mwenyekiti ambaye sijui kazi yake ila ana sauti ya mtu aliyezoea kusomea wengine wosia.

Kesi ya kwanza niliyoiona ilimalizika kwa robo saa. Mzee mmoja anataka kujenga banda la gari karibu na barabara kuliko inavyoruhusiwa. Kiwanja chake nyuma kinaporomoka hadi kijitoni. Akaonyesha ramani ya mpima ardhi yenye mistari ya mwinuko, hakusema hata neno moja kuhusu maisha yake. Tano kwa sifuri. Akakunja ramani, akaenda zake.

Ya pili ilikuwa ya mama mwenye mtoto mgonjwa. Alitaka chumba kama changu. Alieleza vizuri, ukumbi wote ulinyamaza, fundi bomba alikuwa anafuta miwani. Kiwanja bapa. Mwenyekiti akamshukuru, akasema maneno mazuri, kisha wakajadiliana mbele yetu sote, maana sheria inawakataza kwenda kunong'ona chumba cha pili. Wawili wakasema ndiyo, watatu hapana. Na hata kama wangekuwa watatu ndiyo asingepata, kwa sababu kwenye bodi ya watano zinahitajika kura nne. Nilikaa kwenye gari muda kabla sijawasha.

Kuna na yule aliyekuja kuomba aruhusiwe kulaza wapangaji darini, ambako dari liko chini kuliko kanuni ya ujenzi inavyotaka. Huyo walimwambia amekosea mlango kabisa. Wengi huchanganya. Jengo lisimame wapi, liwe refu kiasi gani, liache nafasi gani mpakani, hayo ni ya mji, na bodi ya mji inaweza kuyalegeza. Lakini ngazi iwe na vidato vya kimo gani, dari liwe juu kiasi gani, ukuta uhimili moto muda gani, hiyo ni kanuni ya ujenzi ya jimbo zima. Ukitaka kulegezewa hiyo unakwenda bodi ya jimbo, na huko ukisema habari za kodi ya pango kuwa juu hawakusikii, wanataka kujua kama moto ukiwaka mtu atatoka.

Jioni ya zamu yangu, Mei, nilivaa koti. Fundi alikuja na buti zake za kazi. Mwenyekiti akaita jina langu, akalitamka vibaya kwa heshima, akasema: "Leo tuko wanne, mmoja anaumwa. Utahitaji zote nne. Ukipenda tunaahirisha mwezi ujao, haina gharama." Fundi akanikanyaga mguu chini ya meza, maana yake ahirisha. Mimi nikasema tuendelee. Kurasa zangu mbili zilikuwa zimeniwasha.

Nilisoma kwa dakika kumi. Nilipomaliza, mchoraji ramani aliuliza kwa nini chumba kisisogee futi tano ndani. Fundi akajibu: kikisogea kinaziba mlango wa jikoni na mlango wa kushukia chumba cha chini ya nyumba, kwenye tanuri la joto. Akaitikia kwa kichwa, akaandika. Kisha mwenyekiti akasema lile ambalo sikulipenda kwa wiki nzima. Alisema anasikitika kuhusu mama, na yeye pia alikuwa na mama, lakini kibali hiki kikitoka hakimfuati mama yangu. Kinabaki na ardhi. Mimi nikiuza, mama akirudi Tanga, atakuja mtu tusiyemjua na kibali ni chake. "Kwa hiyo," akasema, "sheria inatutaka tuiulize ardhi."

Nikawa natafuta jibu. Kabla sijalipata akauliza: "Nyumba ilijengwa mwaka gani?"

1926.

Akawatazama wenzake. Kanuni ya futi kumi katika mji wetu imekuja miongo kadhaa baadaye. Akauliza tena, taratibu, kama mwalimu anayemwonyesha mtoto jibu kwa macho: je, nina hakika msamaha ndio ninaouhitaji? Je, nimewahi kuzungumza na mkaguzi kuhusu kifungu cha 6 cha sura ileile ya 40A? Na akasema kwamba nikitaka naweza kuondoa ombi langu leo, bila kuathiri haki yangu ya kurudi.

Nilidhani ananifukuza kistaarabu. Kusema kweli nilikaribia kukataa. Fundi ndiye aliyesimama akasema tunaondoa, ahsanteni, akanivuta koti.

Kwenye gari akanieleza. Bodi ikikukataa kwa kura, huwezi kurudi na ombi lilelile kwa miaka miwili, ila kwa mlango mwembamba sana. Ukiondoa mwenyewe kabla ya kura, hujakataliwa. Mwenyekiti alikuwa amehesabu kura za wenzake kwa kuwatazama nyuso, akaona sina nne, akanifungulia dirisha.

Kifungu cha 6, kwa lugha ya baraza, kinasema hivi: nyumba iliyokuwepo kabla ya kanuni haihukumiwi kama mgeni. Ikiwa ni ya familia moja au mbili, na tayari haitimizi kanuni, ukitaka kuiongeza bodi inajiuliza kama nyongeza itaufanya mtaa kuwa mbaya zaidi kwa kiasi kikubwa kuliko ulivyo sasa. Basi. Haiulizi udongo. Na mwaka 2019 mahakama ya juu ya jimbo iliamua kesi ya mji wa Brookline, watu waliotaka kubadilisha paa wapate nafasi zaidi ya kuishi, ikasema wazi kwamba bodi ikiona hakuna madhara makubwa zaidi, mwenye nyumba kama hiyo hadaiwi msamaha juu yake. Mlango huo ulikuwepo siku zote. Sikuuona kwa sababu nilikuwa nimeshikilia neno msamaha. Na wakili wa hati, basi tena, saa yake moja ilikuwa imekwisha. (Walio ndani ya Boston msinifuate mimi, Boston ina sheria yake.)

Nimekaribia kulisahau jambo lenyewe hasa. Kwenye kikao kile cha Mei alikuwepo jirani yetu wa upande wa futi tano. Mzee mwembamba, mjane, miaka tisa tunaishi ukuta kwa ukuta na maneno yetu yote ni "habari za asubuhi" na "theluji leo". Alikaa nyuma kabisa na bahasha ya bodi mkononi. Tulipoondoa ombi hakupata nafasi ya kusema, akaondoka. Nikarudi nyumbani nikamsimulia mama, nikasema hata yule mzee amekuja kunipinga.

Mama akaacha kuchambua mchele. "Ulipokwenda kumwambia, alisemaje?"

"Kumwambia nini?"

"Kwamba unajenga."

"Mama, ametumiwa barua. Mji ndio unaotuma, ni sheria."

"Hukubisha hodi?" Akarudia, kama hakusikia vizuri. "Unajenga futi tano kutoka kwa mtu, hukubisha hodi, umempelekea barua ya serikali? Baba, umelelewa wapi wewe?"

Ningesema nini. Ngamiani mtu haongezi hata bati moja la upenu kabla hajakaa barazani kwa jirani na kunywa kahawa. Miaka kumi na tano ya Marekani nilikuwa nimejifunza kwamba hapa kila mtu ana barua yake.

Jumamosi mama akakaanga vitumbua. Akavaa khanga mpya juu ya koti la baridi, akamchukua binti yangu wa miaka kumi na moja awe mkalimani, akatoka. Mimi nilikatazwa kwenda. Dirishani niliona anapanda vidato vitatu vya mlango wa mzee kimoja kimoja, ameshika nguzo, na mzee ametoka nje kumpokea mkono. Walikaa huko saa nzima na nusu.

Walichokizungumza nakijua kwa mdomo wa binti yangu, kwa hiyo pengine nusu yake ni katuni. Lakini hili ni kweli, kwa sababu mzee mwenyewe alilirudia baadaye: futi tano hazikuwa na neno kwake. Alichohofia ni theluji. Kwenye ramani yetu paa la chumba lilikuwa linateremkia upande wake. Theluji ya Februari ikijaa juu na jua likatoka, inaporomoka yote kwa pamoja, na chini ndipo njia yake ya gari. Alivunjika nyonga miaka mitatu nyuma kwenye barafu palepale. Ndiyo sababu alikuja kikaoni. Alitaka kuuliza maji na theluji vinakwenda wapi, na hakuna aliyemuuliza.

Fundi akageuza paa usiku uleule kwenye karatasi. Likateremkia nyuma, kwetu, kwenye mchicha.

Kikao cha pili kilikuwa Julai. Safari hii wajumbe watano. Sikusoma kurasa zozote. Fundi alionyesha ramani mpya ya mpima ardhi, ambaye alikuwa amekuta ukuta wetu uko futi tano na inchi moja, na ile inchi nitaieleza. Mwenyekiti akasoma barua ya jirani, mistari minne, amesema hana pingamizi mradi paa libaki lilivyogeuzwa na liwekwe mfereji wa maji. Wakaifanya sharti la kibali, neno kwa neno. Kisha kura. Ndiyo nne, hapana moja.

Hapana ilitoka kwa mchoraji ramani, na nataka niitendee haki kwa sababu ilikuwa hoja bora kuliko zangu zote. Alisema hana shida na chumba hiki. Shida yake ni kwamba kila nyongeza inayofuata ukuta wa zamani inaurefusha ukuta wa zamani. Nyumba hizi zilijengwa karibukaribu kabla ya kanuni. Matumaini ya kanuni yalikuwa kwamba zikibadilishwa polepole mtaa utapata pumzi. Tukiruhusu kila mmoja aongeze futi 16 palepale, baada ya miaka hamsini nyumba zitakuwa zimegusana na kanuni ya futi kumi itakuwa karatasi. Nilimwona anavyosema bila kunitazama, na nilimheshimu. Namheshimu mpaka sasa. Wale wanaosema bodi hizi ni za kubana wageni waende wakamsikilize yule mama akiwakatalia wazungu wenzake wenye bwawa la kuogelea. Niliona kwa macho yangu mwezi uleule.

Sasa ile inchi. Bodi ilinipa ruhusa ya mji, lakini kanuni ya ujenzi ya jimbo haikuwa mikononi mwao, na humo ukuta wa nyumba ukiwa chini ya futi tano kutoka mpakani lazima ujengwe uhimili moto saa moja. Futi tano na inchi moja, uko huru. Upenu hauko huru, maana unachomoza ndani ya zile futi tano, kwa hiyo chini yake ilibidi uzibwe kwa jipsamu ya moto. Mkaguzi alikuja kupima upenu mara mbili. Hilo bodi ya mji hailigusi, na ya jimbo sikutamani kuililia.

Baada ya kura kuna kungoja. Uamuzi ulioandikwa unapelekwa kwa karani wa mji, na tangu siku hiyo kuna siku 20 ambazo jirani yeyote aliyeumia anaweza kwenda mahakamani. Zikipita, karani anagonga muhuri kwamba hakuna aliyekwenda, na wewe unaupeleka uamuzi ukasajiliwe pamoja na hati ya kiwanja. Mpaka usajiliwe, hauna nguvu. Niliusajili mwenyewe, nikapigwa foleni na vijana wa makampuni ya mawakili, nikaangalia jina langu likiingia kwenye daftari la ardhi pamoja na sharti la theluji ya jirani. Litamkuta humo hata huyo mtu tusiyemjua atakayenunua.

Njia ya kupitisha kiti cha magurudumu nayo ina kisa. Nilipokuwa nikisoma ile sura ya 40A usiku, nikakuta kifungu cha 3 kinasema kanuni za umbali wa mpaka hazizihusu njia za mteremko za kumwingiza na kumtoa mtu mwenye ulemavu. Hazihusu kabisa, huombi mtu. Sheria iliyokataa kumjua mama chumbani inamjua mlangoni! Nikakimbilia kwa fundi. Akapiga hesabu: sakafu iko inchi 30 juu ya ardhi, kila inchi moja ya kupanda inataka inchi 12 za kwenda, hiyo ni njia ya futi 30 mbele ya nyumba. Sawa, nikasema, tujenge. Mama akauliza ni ya nani. Nikamweleza. "Mimi si kiwete," akasema. "Mimi naumwa goti." Tukaweka vidato vinne na reli ya mkono pande zote mbili.

Septemba wakaanza kuchimba msingi. Huku msingi unashuka futi nne ili baridi isiuinue. Nilikuwa kazini, simu ikalia, fundi.

"Kaka, njoo uone."

"Kuna nini?"

"Njoo uone taabu yako."

Nilipofika katapila dogo lilikuwa limezimwa. Futi mbili chini ya mchicha wa mke wangu kulikuwa na mwamba, mweusi, mpana, umelala kutoka kona moja ya chumba hadi nyingine na kuzama kuelekea kwa jirani. Umekuwepo humo tangu barafu ya kale. Fundi aliketi ukingoni ananing'iniza miguu, anacheka mpaka anafuta machozi, anasema niende sasa hivi kwa mwenyekiti na picha. Msingi wenyewe haukupata shida. Ukikaa juu ya mwamba mzima kanuni haikudai futi nne, wakatoboa wakachomeka nondo, wakamwaga zege siku iliyofuata.

Mama alitoka akashikwa mkono mpaka ukingoni. Akatazama chini. Akauliza kama hilo jiwe lote ni letu au la jirani nalo limo. Nikamwambia limepita mpaka. Akasema basi, mwanangu, kambishie hodi mzee umwambie.